Upadre 1890, Uaskofu 1968: Kanisa la Kusini na Swali la Kiti

Mtu anayetoka Kilwa akapanda vilima vya Umatumbi hadi Kipatimu hupita vijiji ambavyo watu wake wengi ni Waislamu, na huko juu akakuta misheni ya Kikatoliki. Akirudi pwani, akashika njia ya kusini mpaka Lindi, kisha akaingia bara kuelekea Masasi na Newala, atakutana na Wakristo wa namna nyingine. Hao nao wanasema Misa, wanafukiza ubani, wanaungama dhambi zao kwa padre, na wanamheshimu Bikira Maria. Lakini ukiwaita Wakatoliki wa Roma watakusahihisha mara moja. Wao ni Waanglikana, watoto wa misheni iliyojulikana kwa herufi nne: UMCA, yaani Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati.

Katika taifa lenye mamilioni ya Waislamu, Wakatoliki na Walutheri, watu hao wa kusini ni wachache. Lakini historia ya kanisa lao inatufundisha jambo linalomhusu kila mtu aliye na dini, chama au ushirika. Jambo lenyewe ni hili: kanisa lile liliamini mapema sana kwamba Mwafrika anaweza kuwa padre. Likachelewa sana kuamini kwamba Mwafrika anaweza kutawala.

Nimetaja Umatumbi makusudi. Watu wa vilima vile hawana haja ya kufundishwa kwamba imani na utawala ni mapacha. Mwezi Julai mwaka 1905, pale Nandete, walipong'oa pamba ya Wajerumani, walifanya hivyo kwa imani ya maji iliyotoka Ngarambe kwa Kinjikitile. Imani ile haikuwa na ofisi wala muhuri. Ilichukuliwa na wajumbe walioitwa mahongo, kijiji kwa kijiji, na kila kijiji kilichopokea maji kilijiamulia chenyewe kuingia vitani. Kinjikitile alinyongwa pale Mohoro mwanzoni mwa Agosti, lakini vita vilikwenda mbele bila yeye, kwa sababu watu walikwisha kuyafanya mambo kuwa yao. Maji hayakuzuia risasi, na watu waliteketea kwa risasi na kwa njaa. Lakini swali la nani mwenye neno katika jambo la imani, Wamatumbi walilijibu kwa vitendo. Sasa tuone ndugu zao wa Masasi walivyojibiwa.

IMANI YA JUU, FIMBO YA ASKOFU

Misheni ya UMCA ilizaliwa kutokana na hotuba aliyoitoa David Livingstone katika Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1857. Askofu wake wa kwanza, Charles Mackenzie, aliwekwa wakfu Januari 1861, akaenda Magomero katika nchi ya Malawi ya leo, na baada ya mwaka mmoja tu akafa kwa homa. Aliyemfuata, Askofu Tozer, aliona afadhali kuanzia pwani, akahamia Unguja mwaka 1864. Huko Sultani alimpa watoto watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Mmoja wao, John Swedi, alikuja kupewa ushemasi mwaka 1879. Askofu wa tatu, Edward Steere, ndiye aliyejenga kanisa kuu la Mkunazini juu ya soko la watumwa, na ndiye aliyefanya kazi kubwa ya kutafsiri Biblia kwa Kiswahili.

Je, watu hawa waliamini nini? Kanisa la Uingereza liliachana na Roma katika karne ya 16, likakataa mamlaka ya Papa, lakini likabaki na madaraja matatu ya kale: askofu, padre na shemasi. Ndani yake mna upande unaoweka mbele mahubiri na kusoma Biblia. Ndio uliofika Mpwapwa na Dodoma kwa njia ya misheni ya CMS. Na mna upande unaoweka mbele sakramenti, altare na mfululizo wa maaskofu tangu Mitume. UMCA walikuwa wa upande huu wa pili, tena bila kificho. Wamisionari wake hawakulipwa mshahara, walipewa matunzo na posho kidogo tu, na walitazamiwa kuishi bila kuoa wala kuolewa muda wote wa kazi.

Utawala wao ulifuata imani hiyo. Misheni nyingine ziliongozwa na kamati iliyokaa Ulaya ikituma amri kwa barua. UMCA walikataa jambo hilo. Walisema kanisa ni askofu akiwa pamoja na watu wake, basi askofu akae Afrika na atawale kutoka Afrika, na kamati ya London ishughulike na kutafuta fedha na watu. Wazo hilo lilikuwa zuri kwa kuwa mkubwa alikuwa karibu, akitembea kwa miguu kutoka kijiji hadi kijiji, akijua majina ya walimu wake. Lakini lilikuwa na upande wa pili. Askofu aliye karibu, asiye na kamati juu yake, ana nguvu nyingi sana. Sinodi ya mapadre ilikuwapo, lakini iliitishwa na yeye, na neno lake halikuwa sheria mpaka yeye akubali. Basi kila kitu kilitegemea ni nani aliyekalia kiti hicho.

MASASI NA CHITANGALI

Mwaka 1876 Steere aliondoka Unguja na watu zaidi ya hamsini waliokombolewa utumwani, wanaume na wanawake, wakashuka Lindi na kupanda bara. Nia ilikuwa kuwarudisha kuelekea Ziwa Nyasa walikotekwa. Walipofika chini ya majabali ya Masasi wakaona panafaa, wakakaa. Hivyo kijiji cha kwanza cha Kikristo katika nchi ile kilikuwa kijiji cha watu waliokwisha kuuzwa sokoni. Wamisionari wakajikuta si wahubiri tu bali wakuu wa nchi, wakiamua kesi na kugawa mashamba. Utawala huo wa kuazima haukudumu. Septemba 1882 Wangoni, ambao kule waliitwa Wamagwangwara, waliwavamia, wakaua na kuteka. Kituo kikavunjika, na Padre Chauncy Maples akahamia Newala kwa Matola, mkuu wa Wayao.

Hapo ndipo anapotokea mtu ambaye jina lake lingestahili kufundishwa katika kila shule ya kusini: Cecil Majaliwa. Alikuwa Myao aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto, akasomeshwa Kiungani, Unguja, na akapata pia kusoma Uingereza. Mwaka 1886 Askofu Smythies alimpa ushemasi na kumpeleka Chitangali, kwa mkuu Nakaam. Mwaka 1890 akampa upadre. Majaliwa alikuwa Mwafrika wa kwanza wa UMCA kufikia daraja hilo.

Ndugu wasikilizaji, tuupime mwaka huo vizuri. Mwaka 1890 Wajerumani walikuwa hawajamaliza kuishika pwani. Misheni nyingi za Bara zilikuwa bado hazijampata hata mwanafunzi wa useminari. Na pale Chitangali alikuwapo padre mweusi akiadhimisha Misa, akibatiza, akiwatuma walimu vijijini, akimwandikia Askofu wake taarifa za kazi. Hakuwa na mzungu wa kumsimamia mlangoni. Mkuu Nakaam akabatizwa, akaitwa Barnaba. Kanisa likakua haraka, kwa sababu lilinenwa kwa lugha ya watu na mtu aliyejua adabu ya kuketi barazani kwa mkuu.

Basi nini kilifuata? Mtu angetazamia kwamba baada ya miaka kumi ya mafanikio, Majaliwa angepandishwa, apewe wilaya nzima aiangalie. Haikuwa hivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1890 alirudi Unguja, na katika maisha yake yote hakupata tena kazi yenye uhuru na uzito kama ule wa Chitangali. Zama zilikuwa zimebadilika. Serikali ya Kijerumani ilikuwa imeingia bara, wamisionari wa Kizungu waliongezeka, na kila walipoongezeka, padre Mwafrika alisogea hatua moja nyuma.

WAKATI WA SHIDA, WENYEJI

Kuna methali isemayo akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Mara mbili baada ya Majaliwa, dhiki ililijia kanisa la kusini, na mara zote mbili wenyeji ndio waliolishika.

Mara ya kwanza ilikuwa ni Maji Maji. Moto uliowashwa Umatumbi ulishuka kusini kabla ya Agosti 1905 kwisha. Tarehe 14 ya mwezi huo Askofu Cassian Spiss wa Wabenediktini, aliyekuwa safarini kutoka Kilwa kwenda Peramiho, aliuawa pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Misheni za Kikatoliki za Lukuledi na Nyangao zikachomwa, na ya Masasi ikachomwa pia. Wazungu wa UMCA walikimbilia pwani. Mapadre na walimu Waafrika wakabaki kati ya watu, wakiwaombea wafu na kuwatuliza walio hai. Walikuwa mahali pagumu. Wapiganaji waliwaona kuwa watu wa wazungu, na Wajerumani hawakuwa na haja ya kumtofautisha mweusi mmoja na mwingine.

Mara ya pili ilikuwa ni Vita Kuu ya Kwanza. Wamisionari wa UMCA walikuwa Waingereza ndani ya koloni la Mjerumani, kwa hiyo walikamatwa na kufungiwa, wengi wao Tabora, mpaka Wabelgiji walipouteka mji huo Septemba 1916. Kusini kulikuwa kubaya zaidi, kwani vita vyenyewe vilihamia huko. Mapigano ya Mahiwa, karibu na Nyangao, Oktoba 1917, yalikuwa miongoni mwa makali kuliko yote katika nchi hii. Vijana walichukuliwa kubeba mizigo, chakula kilinyang'anywa ghalani. Na kanisa? Lilikuwa mikononi mwa mapadre Waafrika, watu kama Padre Kolumba Msigala, ambaye baadaye aliacha kumbukumbu zake kwa maandishi. Misa ilisomwa, watoto walibatizwa, wafu walizikwa. Wamisionari walipofunguliwa na kurudi walikuta kanisa lipo.

Mtu mwenye kupima mambo angesema: hawa wameonyesha kwamba wanaweza. Lakini waliporudi, wamisionari walirudia pia viti vyao.

JANDO: NANI ALIYEULIZWA?

Hapa lazima tuseme habari ya jando, maana ndiyo iliyolipa kanisa la Masasi sifa duniani kote. Wayao, Wamakua, Wamwera na Wamakonde hawakumhesabu kijana kuwa mtu mpaka apite jandoni. Wamisionari wa kwanza walikataza. Vijana wakaenda kwa siri, au wakaenda katika jando za jirani zao Waislamu, na waliotoka huko wengi walitoka na dini mpya pia. Kanisa lilikuwa likipoteza watoto wake kila mwaka wakati wa kiangazi.

Alipokuja Padre Vincent Lucas, aliyefika Masasi kabla ya Vita Kuu na kuwa askofu mwaka 1926, alichagua njia nyingine. Alisema desturi isivunjwe, ibatizwe. Likaanzishwa jando la Kikristo. Padre alibariki kambi, tohara ilifanywa kwa usafi, mafunzo yalisimamiwa na wazee Wakristo, sala zikachukua nafasi ya unga uliomwagwa kwa mizimu, na vijana walitoka kambini kwenda kanisani kushukuru. Kwa wasichana jambo lilikuwa gumu zaidi, kwa kuwa unyago ni siri ya wanawake, na hakuna askofu anayeweza kuingia humo. Huko wanawake wa kanisa ndio waliokuwa na neno la mwisho, na labda hiyo ndiyo sehemu pekee ya Dayosisi ya Masasi iliyotawaliwa na wenyeji tangu mwanzo.

Vitabu vingi vimemsifu Lucas kwa hekima hiyo, nami simnyang'anyi sifa yake. Wakati wamisionari wengine walichoma matunguri na kuvunja ngoma, yeye alikaa chini akasikiliza. Lakini tuulize swali ambalo halikuulizwa mara nyingi. Katika desturi ya Wayao, ruhusa ya kufanya jando ilikuwa mali ya mkuu. Ilikuwa ni alama ya utawala, kama taji kwa mfalme. Askofu alipoanza kutoa ruhusa ya jando na kupanga namna ya kulifanya, hakuchukua sherehe peke yake. Alichukua na kiti cha mkuu. Wenyeji nao hawakuwa na kauli moja. Mapadre waliokombolewa utumwani na kulelewa Unguja hawakuwa wamepita katika mambo yale, na waliozaliwa Masasi na Newala waliyajua kwa ngozi zao. Majadiliano hayo yalikuwa yao kwa haki. Uamuzi wa mwisho ukabaki kwa mtu kutoka Uingereza, hata kama alikuwa mtu mwema.

KITI

Nisieleweke vibaya. Maaskofu wa UMCA hawakuwa watu wa kuwadharau Waafrika hadharani. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar kuanzia 1908 hadi alipofariki mwaka 1924, aliandika kijitabu kikali mwaka 1920 kuilaumu Serikali ya nchi yake kwa kazi za kulazimishwa katika Afrika Mashariki. Trevor Huddleston, aliyekuja Masasi mwaka 1960, alikuwa amepambana na ubaguzi wa rangi Afrika Kusini mpaka jina lake likajulikana ulimwenguni. Walisimama upande wetu. Lakini kumtetea mtu ni jambo moja, na kumpisha akae ni jambo jingine.

Dayosisi ya Masasi ilikatwa kutoka Zanzibar mwaka 1926. Tangu hapo ilikuwa na maaskofu wanne mfululizo: Lucas, Stradling, Way na Huddleston. Wote Waingereza. Nchi ikapata uhuru mwaka 1961, ikawa na Rais wake mwaka 1962, na Masasi bado ilikuwa ikimngoja askofu wake mwenyewe. Huddleston alipoondoka mwaka 1968 ndipo alipoingia Hilary Chisonga. Toka upadre wa Majaliwa mpaka uaskofu wa Chisonga ni miaka 78. Mtoto aliyebatizwa na Majaliwa pale Chitangali angekuwa kikongwe, kama alikuwa hai, kumwona mtu wa rangi yake ameshika fimbo ya uchungaji.

Wala wasicheke wa madhehebu mengine. Kweli, Laurean Rugambwa wa Bukoba alipata upadre mwaka 1943, uaskofu mwaka 1952 na ukadinali mwaka 1960. Lakini kusini, katika nchi ya Wabenediktini, ilikuwa mpaka mwaka 1969 ndipo Songea ilipompata Askofu James Komba. Ugonjwa ulikuwa mmoja, tofauti ni jina la zahanati.

Je, kuchelewa huko kulikuwa na gharama? Nadhani ilikuwa kubwa. Mtu hujifunza kutawala kwa kutawala. Majaliwa angeachwa akakosea na kusahihishwa, angewafundisha wengine, nao wangewafundisha wengine, na kanisa lingefika wakati wa uhuru likiwa na wazee waliozoea kushika hesabu, kuamua magomvi na kuandika katiba. Badala yake watu walipewa kiti kwa haraka baada ya kunyimwa kwa muda mrefu. Kanisa la Tanzania lilipata jimbo lake kamili mwaka 1970, likiwa na John Sepeku kuwa Askofu Mkuu wa kwanza, na mengi ikabidi yafundishwe njiani.

Na ipo hatari nyingine ambayo hatuna budi kuisema hata kama inauma. Muundo wa UMCA ulimpa askofu nguvu nyingi kwa sababu alidhaniwa kuwa baba. Mwafrika alipoingia kitini hakukuta kiti kipya. Alikuta kiti kile kile. Kama kiti kimeundwa kwa mtu mmoja kusema na wengine kuitikia, kubadili rangi ya anayekikalia hakutoshi. Wewe msikilizaji uliyetoka Newala au Kilwa ukahamia Temeke au Mbagala, unayetoa sadaka yako kila Jumapili au mchango wako kila Ijumaa, jiulize: mkutano wa mwaka unapoitwa, wewe huenda? Hesabu zinaposomwa, wewe huuliza? Au unasubiri kuambiwa, kisha unanung'unika njiani kurudi nyumbani?

Mapadre wa kwanza wa kusini waliitwa kuongoza pale tu wengine walipokimbia au kufungwa. Hawakukataa, na hawakudai malipo. Deni letu kwao si kujenga mnara wa jina lao. Ni kuhakikisha kwamba katika kila nyumba ya ibada, kubwa kwa ndogo, anayebeba mzigo ana nafasi ya kusema neno kabla uamuzi haujapita, tena bila kungoja vita vije vimpe nafasi hiyo.